Maganda ya Giporoso

Pipa la takataka ndilo lililosimamisha barabara Ijumaa ile pale Giporoso, Kigali.

Ilikuwa mwanzo wa kiangazi cha mwaka wa tisini. Mabasi ya Kanombe na taksi za mjini yalikuwa yanagombania njia, wauza karanga wanapita katikati, na vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu mpaka juu ya kope za watu. Vijana wawili wa ingorofani, zile toroli za gurudumu moja, walikuwa wanalisukuma pipa hilo kutoka kwenye safu ya maduka. Walipomwona askari wa komini, ile serikali ya mtaa, anavuka, wakakumbuka kwamba hawakuwa na mahali halali pa kwenda kulimwaga. Wakaliachia, wakatoweka na ingorofani yao. Pipa likabingirika mpaka katikati ya lami, likatapika maganda ya ndizi, majivu na mifupa mbele ya kamyoneti ya kijani iliyobeba madebe ya maziwa. Kamyoneti ikafunga breki, madebe yakalia kama kengele za kanisa.

Nyuma ya pipa akaja mwanamke anakimbia, na mbio zake hazikuwa za mtu aliyeaibika. Zilikuwa za mtu aliyeibiwa. Amevaa kitenge cha rangi ya anga chenye maua meupe, mabega yamesimama kwa mshono, kilemba cha kitambaa kilekile, na viatu vyeupe ambavyo mtu mwenye akili havai siku ya kuhangaika na takataka. Huyo ndiye Mukashema, binti wa mzee Nzeyimana wa Kibagabaga.

Mwenye kamyoneti akatoa kichwa dirishani. "Dada, pipa hili ni lako?"

"Pipa ni langu. Waliokimbia ndio si wangu."

"Na barabara?"

"Barabara ni ya serikali. Subiri kidogo, nitaifagia."

Yule mwanamume akashuka. Alikuwa mrefu, amevaa buti za mpira na shati la kaki lililopigwa pasi likasimama, na alipotabasamu ulionekana mwanya wa meno ya mbele. Jina lake Munyaneza Zephaniah, mfugaji wa Ndera. Badala ya kusukuma pipa pembeni, alichutama akaanza kuokota maganda moja moja, anayapiga kwenye goti kuyatoa majivu, anayatupa nyuma ya gari.

"Unafanya nini, bwana?"

"Naokota chakula."

"Hizo ni takataka."

"Majivu ndiyo takataka. Ganda la ndizi wakati wa kiangazi, wakati majani yamekauka, kwa ng'ombe ni karamu. Wewe umeyachanganya yote pipa moja. Nani alikufundisha?"

"Kupika nilifundishwa na masista, na nimefaulu. Kutupa hakuna aliyenifundisha. Kwetu Kibagabaga tunatupa shambani, na shamba halijalalamika."

Dereva wa taksi nyuma yao akabonyeza honi kwa kiwiko. "Harusi mtafunga siku nyingine, nyinyi. Tupisheni."

Watu wakacheka. Mukashema hakucheka. Alikuwa anayatazama yale madebe ya maziwa, na kichwani mwake kuna jambo limeanza kujipanga.

Lazima nieleze shida yake. Mukashema alikuwa amepika miaka mingi katika nyumba ya wageni ya masista, akaweka akiba kidogo kidogo, mpaka akapanga chumba kwenye safu ya maduka ya Giporoso ili afungue mgahawa wake mwenyewe. Alipaka kuta rangi nyeupe, akaandika juu ya mlango kwa mkono wake NEEMA, kwa rangi ya bluu. Meza zilikuwepo, sufuria zilikuwepo. Kilichokosekana ni ruhusa ya komini. Bwana wa usafi alikuja, mwanamume mfupi mwenye tai fupi, akapita moja kwa moja hadi uani. Akakuta ukuta na saruji, hakuna udongo wa kuchimba hata shimo la kuzika panya.

"Takataka zako zitalala wapi, mama?" akauliza.

"Zitachukuliwa."

"Na nani? Zipelekwe wapi? Nataka kumwona mtu huyo kwa macho yangu. Nikimwona, utafungua. Nisipomwona, umepaka rangi bure."

Mukashema akawajaribu wa ingorofani kwa takataka za mapishi ya majaribio, na mmeona walivyomtenda. Ndiyo maana, pale katikati ya lami, honi zinamlilia, aliuliza kwa utulivu kama mtu aliyeketi sebuleni:

"Bwana maziwa, unakuja mjini kila siku?"

"Kila siku. Maziwa hayangoji Jumapili."

"Na ukirudi Ndera, gari linabeba nini?"

"Madebe matupu na kiu."

"Basi gari lako linafanya kazi nusu," akasema Mukashema. "Sogeza kamyoneti pembeni. Tuongee."

* * *

Waliongea wamesimama uani, kwa Kiswahili, lugha ambayo Mukashema aliipata kwa baba yake aliyeendesha malori ya Mombasa, na Munyaneza aliipata utotoni Karagwe. Mashati yaliyoanikwa kwa jirani yalikuwa yanawapiga kichwani, na Kellen, mpishi msaidizi, alijifanya anaosha sufuria ambayo ilikwisha oshwa.

"Maziwa yanakuja, maganda yanarudi," Mukashema alisema. "Lakini nina masharti. Hupiti mlango wa mbele. Unakuja kabla wateja hawajaketi. Na gari lako likinuka, mkataba umekufa."

"Na mimi nina langu. Pipa la maganda liwe na maganda tu. Nikikuta kizibo cha chupa, msumari au nailoni, ng'ombe atameza, na ng'ombe wangu si wa kuzika."

"Mifupa je? Uchafu mwingine?"

"Uwe kwenye pipa lake. Mwisho wa shamba langu kuna shimo refu, mbali na kisima. Majivu mpe mwenye shamba la maharage, atakushukuru."

"Unasema kama patroni, kama bosi."

"Patroni ni wewe. Mimi ni mtu niliyeangukiwa na pipa."

Bwana wa usafi alipoletewa mtu wake kwa macho, alikunja uso. "Maziwa na takataka gari moja? Mnataka kuua mji?"

Munyaneza alifungua mdomo, lakini Mukashema alitangulia. "Mzee, maziwa yanateremka kwanza. Ndipo maganda yanapanda, juu ya turubai lao. Akifika nyumbani gari linaoshwa kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kukamua. Usiniamini mimi. Njoo asubuhi unuse."

Akaja kweli. Aliinama nyuma ya kamyoneti na tai yake fupi, akanusa kona hii na kona ile, watu wa stendi wanamtazama. Alipoinuka alisema neno moja tu, "Fungua," akaenda zake.

Neema ikafunguliwa. Tangu wiki ya kwanza watu walikula wamesimama. Ndizi za kupika na maharage, isombe, kile kisamvu chenye karanga, nyama ya mbuzi siku za mishahara. Na kila aliyekwenda kunawa mikono uani alirudi anashangaa. Hakuna inzi. Mapipa yamefunikwa, sakafu inang'aa. Mukashema alipita katikati ya meza zake na shingo imenyooka, na kila jioni kabla ya kufunga alipiga magoti nyuma ya kaunta, akamshukuru Mungu kwa wateja, halafu kwa mapipa matupu. Mwenye kuyabeba alimtaja mwisho, ili Mungu asidhani ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Jirani yake, mwenye duka la dawa, alikuwa na simu, na simu hiyo ikaanza kulia mambo yasiyo ya dawa.

"Haloo. Nani mwenzangu?"

"Ni Ndera. Nauliza, maganda yameamkaje?"

"Yako salama. Yanakusalimu."

"Yamevaa nini leo?"

"Munyaneza, mwenye simu ananitazama."

"Mwambie ni oda ya maziwa. Yamevaa kitenge cha bluu au cha njano?"

"Cha njano," akasema Mukashema, ameugeukia ukuta. "Na yana kazi. Kesho njoo mapema, tuna wageni wa harusi."

"Nitakuja mapema, mpenzi."

"Umesema nini?"

"Nimesema nitakuja mapema."

Alirudi jikoni, Kellen akamtazama usoni, akaanza kuimba wimbo wa maharusi kwa sauti ya chini mpaka akarushiwa kitambaa cha sahani.

Katika mazungumzo ya Munyaneza kulikuwa na jina moja lisilokosekana: Bihogo. Huyo alikuwa mtamba wake wa rangi ya udongo wa mfinyanzi, mwenye pembe zilizopinda kama mikono ya mcheza ngoma, na mimba yake ya kwanza tumboni. Bihogo amekula hivi, Bihogo amekataa vile, Bihogo anayajua maganda ya Neema, ukimchanganyia ya kwingine anapuliza pua. Mukashema akaanza kumchagulia. Maganda mororo ya ndizi changa aliyafunga peke yake kwenye jani, akamkabidhi Munyaneza mkononi. "Haya ni ya mheshimiwa."

"Nitamfikishia."

"Siku moja nitakuja mwenyewe nimwone."

Hapo Munyaneza alibadilika kila mara. Akafunga turubai lisilohitaji kufungwa. "Bado," akasema. "Si wakati wake."

"Ng'ombe ana wakati wa kuonwa? Ni askofu?"

"Bado, patroni. Niamini."

Mara ya kwanza Mukashema alicheka. Mara ya pili alitabasamu. Mara ya tatu aligeuka akarudi jikoni.

* * *

Mwezi wa saba Kellen alikwenda Ndera kumtazama ndugu yake aliyelazwa hospitali. Alirudi jioni hana wimbo. Alikata vitunguu kwa muda, halafu akaweka kisu.

"Dada Shema, nikikuambia jambo utanichukia?"

"Nitakuchukia usiponiambia."

"Nilikaa na wanawake wa maziwa pale njiani. Nikamwona Bihogo ndani ya boma, mzuri kama ulivyosikia. Nikasema, huyu ndiye anayekula maganda yetu. Wakacheka. Wakasema huyo si wa maziwa, huyo ni wa inkwano. Ng'ombe wa mahari. Munyaneza anaoa kwa ng'ombe huyo mwaka huu."

Mukashema aliendelea kufuta meza ileile.

"Kuna msichana pale," Kellen akamalizia kwa sauti ndogo. "Mzuri. Anamlisha kwa mkono, anamwimbia. Yale ya kwenye jani, dada. Nililitambua jani."

Mukashema akakunja kitambaa mara nne, akakiweka. Hakulia, maana wateja walikuwapo. Lakini usiku ule kwenye sala jina la mwisho halikutajwa.

Sasa mwanamke mwingine angeuliza. Angesema, Munyaneza, yule msichana ni nani? Mukashema alilelewa katika nyumba ambayo binti hamuulizi mwanamume habari za ndoa, maana kuuliza ni kuomba, na binti wa Nzeyimana haombi kuolewa kama anayeomba chumvi. Kesho yake Munyaneza alipofika, alikuta mapipa yamepangwa nje.

"Beba ya leo," akasema Mukashema. "Kuanzia kesho usije. Nimepata watu wengine."

"Watu gani? Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Gari lako lilikuwa linarudi tupu, sasa naona limepata mzigo wake."

"Shema, sikuelewi."

"Mimi ni patroni. Patroni haelezi."

"Na ya Bihogo?"

Mukashema akabana kifuniko cha pipa. "Bihogo ana wa kumlisha."

Munyaneza alisimama na kofia mkononi. Simu ya duka la dawa ililia siku hiyo, na iliyofuata, na mwenye duka akachoka kusema, "Amesema hayupo, na amesimama hapa ananitazama."

* * *

Wa ingorofani walirudi kwa furaha. Walisema wanajua mahali. Mukashema aliwapa uchafu ndani ya magunia ya mchele, na kwa kuwa gunia zuri huuzwa, aliandika juu ya kila gunia kwa rangi ya bluu, herufi kubwa: NEEMA. Alifanya hivyo ili yarudi. Yalirudi, lakini si kwa njia aliyoitaka.

Bwana wa usafi aliingia saa ya chakula cha mchana, mgahawa umejaa, na tai yake ilikuwa imepinda kwa hasira.

"Mama, jina hili ni la nani?" Akainua kipande cha gunia.

Uma zikasimama hewani. Mukashema angeweza kusema ameibiwa, wengi wangemwamini.

"Ni langu," alisema. "Niliandika mwenyewe."

"Basi jina lako limelala kwenye mtaro wa Kimihurura, chini ya maofisi, na maganda yako yameziba maji mbele ya nyumba za mabalozi. Kesho mchana nitapita pale. Nikikuta hata ganda moja, na nisipomwona mtu wa kuaminika wa kubeba takataka zako, utafuta hilo neno juu ya mlango kwa mkono uleule."

Alipotoka, Kellen alimsogelea. "Nimpigie simu Munyaneza?"

"Usithubutu."

Asubuhi Mukashema alivaa kile kitenge cha rangi ya anga, kilemba na vyote, ila viatu alibadili. Kellen akashangaa. "Unakwenda mtaroni na hicho?"

"Wakubwa wote wa Kimihurura wataniona naokota takataka. Basi wamwone mtu aliyevaa."

Wakashuka mtaroni na sepetu mbili. Magari meusi yalipita juu yao, vioo vikashuka, vikapanda. Harufu ilikuwa ya kukaba koo. Mukashema alijaza magunia bila kuinamisha uso, na kila lililojaa alilisimamisha ukingoni, herufi zake za bluu zimetazama barabara. Alikuwa amefikia katikati aliposikia madebe yanalia kama kengele za kanisa.

Munyaneza alikuwa na wateja wa maziwa mtaa huo. Alisimamisha gari, akashuka, akachukua sepetu ya Kellen mkononi mwake bila kumuuliza, akaingia mtaroni.

"Nilisema usije," Mukashema akasema, hainui macho.

"Sikuja kwako. Nimekuja Kimihurura."

Wakafanya kazi. Sepetu zikapokezana sauti. Kellen alipanda ukingoni, akakaa mbali kiasi cha kusikia.

Mwisho Mukashema akashindwa. "Bihogo anakulaje?"

"Majani makavu. Anageuza uso. Amezoea mkono wa mtu."

"Si ana huyo anayemwimbia?"

"Keza? Keza ni mdogo wangu, tumbo moja. Sauti yake hata ng'ombe anaivumilia tu."

Sepetu ya Mukashema ikasimama. "Mdogo wako."

"Mdogo wangu."

"Na anayeolewa kwa Bihogo ni nani? Ndera nzima inajua ni ng'ombe wa mahari. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa namenya ndizi mwenzangu aolewe."

Munyaneza akaegemea mpini. Alianza kucheka, akaona macho ya mwanamke yamejaa, akaacha.

"Shema, sikiliza. Bihogo ni wa mahari tangu azaliwe. Marehemu baba alimwekea mkono mgongoni akiwa ndama, akasema, huyu ndiye atakayekuletea mke. Ndera wanajua hilo. Jina la binti ndilo hawakulijua. Hata mimi sikulijua, mpaka pipa lilipoanguka mbele ya gari langu."

Gari likapita juu. Hakuna aliyelitazama.

"Kwa nini ulinikataza kumwona?"

"Kwetu binti haonyeshwi ng'ombe wake kabla ya siku. Kumwonyesha ni kama kumwambia, thamani yako ndiyo hii, itazame, ikague meno. Baba angefufuka anichape."

"Ungeniambia hivyo."

"Nikikuambia ni kama nimekuonyesha. Na wewe ungeniuliza."

"Nikikuuliza ni kama nimeomba."

Wakatazamana, matope mpaka magotini, yeye na shati lake la pasi, huyu na kilemba chake cha maua. Munyaneza akatoa leso, akataka kumfuta shavu, akaona leso ni chafu kuliko shavu.

"Binti wa Nzeyimana," akasema polepole, "nina ruhusa ya kutuma wazee Kibagabaga?"

Mukashema aliinua sepetu, akatupia ganda la mwisho ndani ya gunia. "Wazee hutumwa kwa baba, haombwi binti," akasema. "Lakini wakifika, hawatakuta mlango umefungwa."

"Mmemaliza?" Kellen akaita kutoka juu. "Maana tai fupi inakuja."

Bwana wa usafi alikuta mtaro unapita maji, magunia yamejipanga kama wanafunzi, na kamyoneti ya kijani inasubiri. Akamtazama Munyaneza. "Wewe si ulifukuzwa?"

"Nimerudishwa, mzee. Kwa mkataba mrefu zaidi."

* * *

Mzee Nzeyimana alifurahi. Aliyenuna ni shangazi Athanasie, dada wa baba, mwanamke ambaye hakuna binti wa ukoo ule aliyeolewa bila yeye kukubali. Alipopata habari za maganda, aliliweka neno lake moyoni. Siku ya kuposa, Jumamosi ya mvua za kwanza za Septemba, akalitoa mbele ya watu wote.

Wageni walikuwa wameketi chini ya turubai katika uwanja wa Kibagabaga, upande wa bwana harusi huku, upande wa binti kule. Wasemaji walikwisha taniana kwa desturi, pombe ya ndizi imezunguka, na Bihogo anasubiri nyuma ya ua. Ndani ya nyumba, Mukashema alikuwa amevaa mshanana wa hariri ya rangi ya maziwa, fundo begani, shanga nyeupe kwenye paji la uso. Alisimama kando ya dirisha akisikiliza, maana binti haonekani mpaka aitwe. Ndipo akaisikia sauti ya shangazi.

"Nina neno, na si la utani. Ng'ombe huyu amekula kwetu kiangazi kizima. Nyama iliyo mgongoni mwake imetoka jikoni kwa mtoto wetu. Tangu lini mkwe akatuposa kwa mali yetu wenyewe? Wakisema watu kwamba binti wa Nzeyimana alijilipia mahari, nitaweka wapi uso?"

Wazee wa Ndera wakatazamana. Aliyeshika fimbo kati yao akaiweka chini. Munyaneza, amevaa suti nyeusi na mwanya wake haukuonekana, alitazama mikono yake tu. Ndani, Mukashema alishika ukingo wa dirisha. Alimjua shangazi yake. Neno likishamtoka halirudi kwa kubembelezwa.

Mzee Nzeyimana alichelewa kuinuka, magoti ya dereva hayana haraka.

"Dada yangu," alisema, "desturi yetu inasemaje? Mahari ya ng'ombe ikizaa, wazazi wa binti wanawarudishia watoto waliooana ndama, waanze naye maisha. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Wangapi hapa wamemrudisha ndama huyo kwa wakati?"

Vicheko vidogo vikapita, maana wengi walikuwa hawajamrudisha.

"Mimi, Athanasie, sina wasiwasi huo. Mtoto wangu ameanza kunilipia kabla ng'ombe hajafika. Bihogo ni wa Munyaneza, pembe, ngozi na kwato. Baba yake alimwekea mkono, na mkono wa marehemu haubishaniwi. Ila ndama aliye tumboni amekua kwa maganda ya Neema. Akizaliwa jike, ni wa watoto. Sisi tumekwisha wapa. Sema sasa, uso wako utauweka wapi? Mimi wangu nauweka juu. Kuna binti gani mwingine Kigali aliyeifanya takataka yake ikazaa?"

Shangazi Athanasie alitafuna maneno hayo. Akayaona hayana mfupa. "Kaka yangu," akasema mwishowe, "wewe uliharibika kwa kuongea na Waswahili barabarani." Akashika kitambaa chake cha bega, akakiweka sawa. "Mleteni ng'ombe."

Vigelegele vikapanda. Ua ukafunguliwa, Bihogo akaingia anang'aa, tumbo limejaa, pembe zimefungwa kitambaa cheupe. Na msifu ng'ombe wa Ndera, mzee mwembamba mwenye mkuki, akainua sauti ile ya kuwasifu kama wafalme:

"Huyu ni Bihogo, asiyejua njaa ya kiangazi,
aliyeletewa karamu kwa gari barabara ya lami.
Giporoso ilikula ndizi, yeye akala vazi la ndizi.
Wengine walimwaga, mmoja alikunja kwenye jani.
Ulizeni aliyemnonesha, yumo ndani amevaa maziwa."

Nyuma ya dirisha Mukashema alifunika mdomo. Takataka zake, zile zilizokimbiwa na wa ingorofani na kumleta bwana wa komini na hasira yake, zilikuwa zinaimbwa mbele ya wazee, na wazee wanatikisa vichwa kwa heshima. Akamshukuru Mungu pale pale. Safari hii jina la Munyaneza lilitangulia, na hakuona haya.

Wakamwita. Akatoka kwa hatua ndogo, shangazi akimshika kiwiko, uso ukitazama chini kama inavyotakiwa. Ilikuwa apite upande wa wageni moja kwa moja. Lakini Bihogo, ambaye hakuwahi kumwona mwanamke huyu, aliinua pua. Akamvuta mchungaji wake, akakata uwanja na tumbo lake zito, watu wakajitenga, mpaka akafika mbele ya mshanana wa rangi ya maziwa. Akainusa mikono ya Mukashema, mmoja halafu mwingine, akaingiza ulimi wake wa kukwaruza katikati ya vidole, akitafuta maganda yake.

Mukashema aliinua macho kabla hajaruhusiwa, akakutana na ya Munyaneza.

"Nilikuambia bado," Munyaneza akasema. "Nilikukataza kumwona. Yeye kukunusa nilisahau kumkataza."

Shangazi Athanasie alimtazama ng'ombe, akamtazama mtoto wa kaka yake, akaachia kile kiwiko.

"Nendeni," akasema. "Huyu amekwisha kubali kabla yetu."